Tuleteeni Asiyejua Lugha Yetu

Hamjambo wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, au mmeegemea ua mkiisikiliza redio ya jirani. Mimi ni Wahome wa Ngatia. Katika kipindi hiki huwa tunawakumbuka watu waliotutoka, na wengi wenu mmenizoea kwa sauti ya upole. Leo msiutegemee sana huo upole. Nimekasirika. Mtayarishaji wangu amesema nikiri mapema, msije mkadhani redio zenu zimeharibika.

Leo tunamkumbuka Sista Selpha Kageha Mbuvi. Alikuwa muuguzi. Alizaliwa Maragoli mwaka wa 1932, akafanya kazi Othaya, wilaya ya Nyeri, na tarehe kumi mwezi uliopita, Septemba 1988, akazikwa Kathiani, Machakos. Narudia kwa wale waliochelewa kuwasha: Selpha Kageha Mbuvi, muuguzi wa Othaya, aliyezikwa Kathiani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Na kuna jambo lingine ambalo ni haki mlijue tangu mwanzo. Mama yangu mzazi, anaitwa Ngendo, alikuwa mmoja wa wagonjwa wake. Kwa hiyo anayezungumza nanyi leo si mtangazaji peke yake. Ni mtangazaji na mtoto wa mgonjwa, na hao wawili leo hawaelewani vizuri.

Tuanze na Selpha mwenyewe. Kaka yake, Mzee Kefa, aliniambia hivi: "Selpha tangu utoto hakujua kunyamazisha mtu. Mtoto akilia, yeye anakaa chini, anamwangalia mpaka amalize. Mama yetu alimchapa kwa hiyo maneno. Alisema, huyu msichana atakuwa mlezi wa aina gani?"

Basi akawa muuguzi. Akaolewa na Mwalimu Mbuvi, Mkamba wa Kathiani, aliyekutana naye Kakamega alikokuwa akifundisha. Wakapata binti mmoja, Katunge. Ninyi mnaojua nyumba za aina hiyo mtacheka. Katunge anasema: "Nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Baba alikuwa Mkamba, mama Mlogoli, na hakuna mmoja alikubali kushindwa."

Mwaka wa 1971 serikali ilimhamisha Selpha kutoka Kakamega kwenda Othaya. Walisafiri wote watatu. Karibu na daraja la Sagana, basi likapinduka. Mwalimu Mbuvi alifariki papo hapo. Katunge, mtoto wa miaka mitano, hakupata hata mkwaruzo. Selpha alivunjika nyonga. Alilala hospitalini miezi mitano. Alipotoka aliichukua barua yake ya uhamisho, ikiwa imekunjamana na ina doa la damu kwenye kona, akaenda Othaya kuripoti kazini akitembea kwa mkongojo. Karani aliiangalia tarehe ya barua, akamwambia amechelewa.

Hivyo ndivyo Sista Selpha alivyofika kwetu, akiwa mjane mwenye nyonga mbovu, na hajui hata neno moja la Kikuyu. Wala hakujifunza. Miaka kumi aliyokaa Othaya alijua salamu, bei ya ndizi, na neno 'ruo', yaani maumivu. Hilo aliambiwa mara thelathini kwa siku, angelikosaje?

Kituo cha afya alichofanyia kazi kiko juu kidogo ya mji. Jina lake nitaliacha, kwa sababu waliopo pale leo si wa kulaumiwa. Selpha aliwekwa kwenye dirisha la dawa. Hakukaa miezi mingi kabla ya kugundua kwamba watu ni wale wale. Faili zao ni nene. Mgongo, shingo, bega, kichwa. Wamepelekwa Nyeri kupigwa picha, na picha haionyeshi kitu. Wanapewa vidonge vyeupe, wanaondoka, wiki ijayo wamerudi. Wahudumu waliwaita wateja, na si kwa heshima.

Selpha akaanza kuwauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu. Mgongo umeanza kuuma lini? "Hamsini na nne, sista." Na wewe, shingo? "Hamsini na tatu." Bega? "Hamsini na nne." Mnajua alichokifanya? Alienda kwenye stoo akafukua vitabu vya zamani vya kituo, akitafuta ni ugonjwa gani ulilipuka Nyeri mwaka wa 1954. Alidhani ni homa fulani ya uti wa mgongo. Alitafuta wiki nzima, mpaka mgonjwa mmoja, Mzee Gatimu, alipomhurumia akamwambia, "Sista, hiyo haikuwa homa. Ilikuwa Imajensi."

Wasikilizaji wa umri wangu na kwenda juu mnaijua hali ya hatari ya miaka ile. Kwa vijana nitasema kwa ufupi. Kabla ya uhuru, watu wa kwetu walitolewa kwenye mashamba yao wakarundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba. Wanaume wengi walipelekwa kambini. Wanawake walichimbishwa mtaro mrefu kando ya msitu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, wengi wao na watoto mgongoni. Wengine walikuwa upande wa kuchimba, wengine upande wa kusimamia. Kisha uhuru ukaja, na hao wote wakarudi kuwa majirani. Kanisa moja, kiwanda kimoja cha kahawa, harusi kati ya watoto wao. Na hakuna aliyesema kitu.

Selpha alikuwa amehudhuria kozi ya uuguzi wa akili Nairobi, na huko alikuwa ameona wagonjwa wakiketishwa pamoja kuzungumza. Basi Alhamisi moja ya mwezi wa tano mwaka wa 1974 aliwatoa kwenye foleni watu kumi na wanne, wenye faili nene kupita zote. Akawaketisha kwenye mabenchi nyuma ya stoo ya dawa. Mmoja wao alikuwa mama yangu. Akawaambia: nimewaita mzungumze. Wakamtazama. Saa nzima ikapita. Gatimu anasema kilichosikika ni kuku wa mpishi tu.

Alhamisi iliyofuata, hivyo hivyo. Ya tatu, Selpha mwenyewe akasema: "Basi mimi ndio nitaanza." Akawaeleza juu ya basi la Sagana. Akawaeleza jinsi nyonga inavyomuuma zaidi siku ambazo barua za mumewe zinaangukia mkono wake akitafuta kitu kingine. Akalia mbele yao, muuguzi na sare yake, hakujifuta. Akamaliza. Na Mzee Gatimu akaanza.

Alianza kwa Kiswahili. Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu sista hakujua Kikuyu, basi. Msidhani kulikuwa na utaalamu wowote hapo. Selpha mwenyewe alikuwa akicheka akiulizwa. Lakini nilipomtafuta Mzee Gatimu kwa ajili ya kipindi hiki, aliniambia maneno haya: "Mimi Kiswahili nilifundishwa na kiboko, kule kambi. Kaa chini! Hesabu! Simama! Miaka sita, hiyo ndio nilijua. Sista ndio alinionyesha iko ingine, ya kuongea. Na nikaona, ile kitu nimeshindwa kuambia bibi yangu kwa Kikuyu, kwa hii inatoka."

Nikamuuliza, kwa nini kwa Kikuyu isitoke? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha. "Kikuyu iko na wenyewe," akasema. "Nikitaja mtu kwa Kikuyu, nimetaja baba yake, na mbari yake, na yule ameoa kwao. Nikisema kwa Kiswahili, ni mtu tu alinipiga."

Kwa hiyo sharti la kwanza la kundi likawa hilo: Kiswahili peke yake, hata kama ni cha kuuzia ndizi sokoni Mukurweini, kama alichokuwa nacho mama yangu. La pili, hakuna kutaja ukoo wala kilima mtu anakotoka, maana kwetu kila kilima kina watu wake. La tatu, hakuna kumpa mwenzako ushauri. Hili la tatu liliwatesa kuliko yote, maana mnatujua sisi watu wa Nyeri na ushauri.

Nilitaka sana kuwaambia ni nini kilisemwa pale kwa miaka saba. Nimezunguka. Nimekunywa chai nyumba tisa. Nina kinasa sauti kizuri, nina jina, watu hunijua. Hakuna aliyeniambia. "Ya pale iko pale, Wahome," ndilo jibu nililopewa nyumba zote tisa. Nilimuuliza mama yangu mwenyewe kabla ya mazishi, akaniuliza kama nimekula. Nawaambia ukweli, nilichukia. Kazi yangu ni maneno, na maneno yaliyosemwa na mama yangu mzazi yako kwenye vifua vya wenzake, na mimi sinayo.

Ninachoweza kuwaambia ni kile kilichoonekana kwa macho. Selpha hakuwaahidi kupona. Aliwaambia maumivu mengine hayaondoki, lakini mtu anaweza kujifunza kukaa nayo bila kuwa mtumwa wake. Aliwafundisha kulala chini juu ya magunia na kuvuta pumzi polepole. Aliwafundisha kupumzika kabla ya kuumia, si baada. Mama yangu alipopalilia kahawa, baada ya kila miti mitatu aliketi chini. Anaumwa, haumwi, miti mitatu, anaketi. Majirani wakasema Ngendo amekuwa mvivu tangu mtoto wake aingie redio. Na mimi, nikija nyumbani mwisho wa mwezi na viatu vyangu vya Nairobi, nilimwambia, "Mama, si umalize mstari kwanza?" Aliendelea kukaa chini, akivuta pumzi.

Lakini ile miaka alinyooka, wasikilizaji. Alibeba maji. Alienda sokoni Othaya kwa miguu na kurudi. Vidonge alivitupa. Mzee Gatimu aliacha pombe mwaka wa 1976 na hakuigusa. Wote kumi na wanne walikuja kila Alhamisi, msimu wa kahawa na usio wa kahawa.

Sasa tufike kwenye 1981, na hapa ndipo ninapopandisha sauti.

Mwaka huo ilikuja barua ya uhamisho. Ilitoka ofisi ambayo sitaitaja, na aliyeiandika alikuwa na nia njema, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Barua ilifanya wema mara mbili kwa mpigo mmoja. Kwanza, Sista Selpha, mjane, alipelekwa Machakos, ili awe karibu na nyumbani kwa marehemu mumewe. Ati arudishwe kwao. Kikamba hakukijua, lakini ni kwao. Pili, wazee wa Othaya, ambao kwa miaka saba walikuwa wamehangaika na lugha ya kigeni, waliletewa muuguzi mwenyeji. Kijana, mwenye cheti, mpole, Kikuyu safi, mzaliwa wa kilomita mbili kutoka kituoni. Jina lake Wachuka.

Wachuka si mbaya. Narudia, Wachuka si mbaya, na amekubali nimtaje. Alhamisi yake ya kwanza alileta mandazi. Akasalimia kwa Kikuyu. Halafu, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri, akamwomba kila mmoja ajitambulishe: jina la baba, ukoo, na kilima anakotoka. Ile ndiyo heshima ya kwetu. Na watu kumi na wanne, kwa heshima ile ile, wakajitambulisha mmoja mmoja. Wakajua kwamba Wachuka ni mjukuu wa nani, na babu yake alikuwa upande gani wa ule mtaro. Wakamshukuru kwa mandazi. Wakazungumzia mvua.

Alhamisi iliyofuata, mvua tena. Ya tatu, bei ya maziwa. Wachuka akashtuka, akajaribu Kiswahili. Wakamcheka, si kwa ubaya. Mzee Gatimu anasema, "Kiswahili yake tulijua chini yake kuko nini." Baada ya miezi minne mabenchi yalikuwa matupu. Wachuka mwenyewe aliandika kuomba sista arudishwe. Aliniambia: "Mimi niliwapenda. Lakini mimi ni mtoto wao. Nani atafungulia mtoto wake hiyo mlango?"

Ndipo wazee wakaandika barua. Mzee Gatimu aliandika, wengine wakatia dole gumba. Maombi yao yalikuwa mstari mmoja: "Tunaomba tuletewe sista asiyejua lugha yetu." Barua ya kwanza, 1981, haikujibiwa. Ya pili, 1983, alikuja afisa mmoja kwa gari akawaonya waache ukabila. "Mmepewa mtu wa kwenu mnamkataa," akasema. "Mnataka wa wapi?" Wakamwambia wa mbali, wa popote, mradi awe wa mbali. Akaondoka akitikisa kichwa. Ya tatu, 1984, ilijibiwa kwa maandishi. Barua ninayo hapa mbele yangu. Inasema ombi lao limeshughulikiwa, na kwamba wameongezewa mhudumu mwingine, mwenyeji wa tarafa hiyo hiyo, mwenye umri mkubwa zaidi na anayezungumza Kikuyu kwa ufasaha.

Nakala ya barua ya tatu waliituma pia kwangu, hapa redioni. Mtoto wa Ngendo yuko redioni, atatusaidia. Wasikilizaji wapendwa, niliisoma nikacheka. Niliwaonyesha wenzangu chumba cha habari, nao wakacheka. Kati ya madole gumba yale, moja lilikuwa la mama yangu, na sikulitambua. Nikaiweka kwenye droo. Nikisema nimewakasirikia wa ofisini, mjue nimo kwenye hesabu hiyo, na sijitoi.

Mwaka wa 1985 mama alilala kitandani wiki tatu bila kuinuka. Vidonge vyeupe vikarudi, vikamtoboa tumbo. Nikamjengea choo karibu na mlango na nikajiona mtoto mwema. Mzee Gatimu akarudi kwenye pombe. Wawili kati ya wale kumi na wanne walifariki. Na huko Machakos, kwa mujibu wa Katunge, Sista Selpha aliwekwa kwenye ofisi ya kuhesabu mablanketi. Aliomba kurudi Othaya mara nne. Kila mara aliulizwa, "Lakini mama, Othaya una nani?"

Serikali ilimstaafisha Desemba mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na mitano. Januari alikuwa Othaya. Alikodi chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, kwa gharama yake, na mkongojo wake, na nyonga yake mbovu zaidi ya mwanzo. Kituoni waliambiwa mstaafu hawezi kuendesha kliniki. Chifu akasema watu kumi na wawili wakikaa pamoja bila kibali ni mkutano. Kanisani waliruhusiwa, mradi waanze kwa ushuhuda mbele ya wazee wa kanisa. Selpha akawaketisha chumbani mwake, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Alhamisi baada ya Alhamisi, kuanzia Januari mpaka Agosti. Mama yangu akaanza tena kuketi baada ya miti mitatu.

Alhamisi ya tarehe mosi Septemba walikutana kama kawaida. Jumamosi, tarehe tatu, presha ilimchukua.

Nilienda Kathiani. Niliwabeba wazee wa Othaya kwenye gari la kukodi, wote kumi na wawili, mama yangu kiti cha mbele. Mazishi yalikuwa makubwa. Mwendesha shughuli alikuwa na orodha yake: watu wa nyumbani, watu wa Maragoli, watu wa kazini Machakos. Wa Othaya hawakuwemo. Nilikuwa nimeanza kuchemka, nimeinuka niende kumshika shati, wakati Katunge alipochukua kipaza sauti akasema, "Kuna wagonjwa wa mama hapa. Mmoja wao aongee."

Mama yangu akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama mbele ya watu. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi, kikizunguka. Nitawasomea maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake.

"Mimi naitwa Ngendo. Nimetoka Othaya. Mgongo yangu inauma tangu hamsini na nne. Madaktari wote waliniuliza inauma wapi. Sista Selpha peke yake ndio aliniuliza hii mgongo ilibeba nini. Ilibeba mtoto. Msichana, miezi saba, jina yake Watiri. Tulikuwa tunachimba mtaro. Mtoto alikuwa na joto, nasikia joto hapa. Nikaambia askari, mtoto iko na joto sana. Akasema chimba. Nikachimba. Saa sita nikasikia joto imeisha. Nikasema asante Mungu, homa imeisha. Nikaendelea kuchimba mpaka jioni. Sasa jioni nikafungua nguo. Hiyo ndio niliambia Sista, na hakuniambia nyamaza. Sista Selpha, asante."

Akaketi.

Wasikilizaji wapendwa, nina dada anayeitwa Watiri. Yuko hai, yuko Mukurweini, ana watoto wanne. Alizaliwa 1958. Kwetu jina la nyanya halipotezwi, mtoto akifa, anayefuata hulichukua. Hakuna aliyetuambia kwamba lile jina lilikuwa na mwenyewe kabla yake. Mwaka wa 1954 nilikuwa na miaka minne. Nilikuwa na dada, na nimekuja kuambiwa hivyo ugenini, Kathiani, pamoja na watu mia tatu nisiowajua, kwa lugha ninayoitangazia kila siku na ambayo sikuwahi kuizungumza na mama yangu hata mara moja.

Asubuhi ya kesho yake, nyumbani, mama alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Nilimfuata. Nikamuuliza kwa Kikuyu, kwa nini hukuniambia? Akaniambia nishike gunia vizuri. Nikauliza tena. Akasema ng'ombe mweupe hali vizuri siku hizi. Nikasimama pale nimeshika gunia, na hasira imenijaa mpaka macho. Halafu nikauliza kwa Kiswahili.

Alicheka kwanza. "Unaniongelesha kama redio," akasema. Lakini aliliweka panga chini.

"Nikikwambia kwa Kikuyu," akasema, "wewe ni mtoto yangu. Utalia, na mimi nitaanza kukunyamazisha. Itakuwa ni kazi tena. Kwa hii unanisikiza tu."

Nikamuuliza kama naweza kuyasema haya hewani. Akasema, "Sema." Nikamwambia kuna pia wenzetu wa kipindi cha Kikuyu, wangependa kuyatangaza, dada yangu angesikia, na watu wa Othaya wote. Akaokota panga lake.

"Hapana. Sema kwa hii. Kwa Kikuyu bado, Wahome."

Kwa Katunge, uliyebaki bila baba na sasa bila mama, pokea pole zetu. Kwa Mzee Kefa na jamaa wote wa Maragoli, poleni sana. Kwa ukoo wa Mwalimu Mbuvi kule Kathiani, poleni, na asanteni kwa kutupokea. Kwa Mzee Gatimu na wenzako, poleni. Dada yangu Watiri, kama unasikiliza huko Mukurweini, nitakuja Jumapili. Usimuulize mama kitu kabla sijafika.

Na ninyi wengine, nawaomba mfikirie jambo moja wakati wa chai. Sote tunapenda kusema mtu hutunzwa na wa kwao. Jiulizeni ni kitu gani mama zenu hawawezi kuwaambia kwa sababu tu ninyi ni wa kwao, na kama kuna mgeni popote ambaye wangeweza kumwambia. Halafu kuna ninyi mnaokaa kwenye viti vinavyoandika barua za uhamisho. Nafasi ya Othaya iko wazi. Watu kumi na wawili wanasubiri, mdogo wao ana miaka hamsini na tisa. Waleteeni mtu wa Lamu, wa Turkana, wa Busia, sijali. Msiwafanyie wema mwingine.

Mpaka mgeni huyo atakapofika, ninaenda nyumbani kila mwisho wa wiki. Tunakata majani, mama na mimi, na tunazungumza Kiswahili. Juzi alianza kunieleza habari za siku waliyomzika yule mtoto, na ni wapi. Alifika katikati. Mimi nikalia, na mama akaacha kusimulia, akaniambia ninyamaze.